Damu ya Romeo na Juliet Iko Shingoni mwa Nani?

Ndugu msomaji, pengine utashangaa kuona kwamba safari hii nimechagua kukuzungumzia mchezo wa kuigiza wa Kiingereza, na zaidi ya hapo, filamu zilizotengenezwa kutokana na mchezo huo. Usiniharakishe. Mchezo wenyewe ni Romeo na Juliet wa William Shakespeare, ulioandikwa kiasi cha mwaka 1595 na kupigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597, wala sina haja ya kuuleta nyumbani kwako, kwani umekwisha kuingia zamani. Uliingia kwa mlango wa filamu za Kihindi walizozitazama wazazi wetu katika sinema za Mombasa na Unguja, ukaingia tena kwa kanda za video, na leo umo ndani ya simu ya binti yako. Basi tuuzungumze.

Kwa asiyekijua, kisa ni hiki. Katika mji wa Verona, nchi ya Italia, palikuwa na koo mbili, Montague na Capulet, zenye uadui wa tangu na tangu ambao hata asili yake haitajwi. Kijana wa upande mmoja, Romeo, anajipenyeza karamuni kwa adui zao, anamwona Juliet, na usiku ule ule wanaahidiana ndoa. Kesho yake mtawa mmoja, Laurence, anawaoza kwa siri. Hata jua halijachwa, Romeo anamwua Tybalt, binamu yake Juliet, kwa kulipiza kisasi cha rafiki yake, naye anafukuzwa mjini. Babake Juliet, asiyejua kwamba bintiye ni mke wa mtu, anamlazimisha aolewe na bwana mmoja aitwaye Paris. Mtawa anampa msichana dawa ya kumlaza kama maiti. Barua ya kumweleza Romeo hila hiyo haifiki. Romeo anamkuta mkewe kaburini, anadhani amekufa, anakunywa sumu. Juliet anaamka, anamwona, anajichoma jambia. Tangu karamu hata kaburi hazipiti siku tano.

Swali ninalotaka tulizungumze ni moja tu: damu yao iko shingoni mwa nani? Nimetazama filamu kadhaa za kisa hiki, na nimeona kwamba kila mtengenezaji amelijibu swali hilo kwa njia yake, na aghlabu amelijibu kwa lile alilolikata na kuliacha nje.

Lakini kabla ya filamu yafaa ujue jambo moja. Shakespeare hakukibuni kisa hiki. Mwaka 1562 Mwingereza mwingine, Arthur Brooke, alikuwa amekitunga kwa shairi refu, na mwanzoni mwa kitabu chake aliwaonya wasomaji waziwazi kwamba hawa ni vijana waliofuata matamanio yao, wakadharau amri ya wazazi, wakasikiliza ushauri wa wambea na watawa, na kwa hiyo mwisho wao uwe onyo. Nakiri kwamba nilipoijua habari hiyo nilimwona Brooke kuwa ni mwenzangu. Ndivyo mimi na wewe tungalianza khutuba yetu. Shakespeare alikichukua kisa karibu chote kutoka kwake, walakini onyo lile hakulichukua. Tena akafanya jambo jingine. Brooke alimpa Juliet miaka kumi na sita; Shakespeare akamteremsha hata akawa hajatimiza kumi na minne. Brooke alikiacha kisa kitembee kwa miezi. Shakespeare akakikaza kikawa cha siku chache. Ukimpunguza mtu umri namna hiyo, hukumu yahama. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akijiua, humwulizi yeye kwanza. Wawauliza waliokuwa wakimlea.

Sasa tutazame filamu. Mwaka 1936 George Cukor alitengeneza Marekani filamu ya fahari kubwa: majumba, bustani, mavazi ya hariri. Norma Shearer, aliyecheza Juliet, alikuwa karibu na miaka 34, na Leslie Howard, aliyekuwa Romeo, alikuwa amepita 40. Ni waigizaji hodari, wala siwadharau. Lakini mwanamke mzima anapomficha babake ndoa yake, mtazamaji hujiuliza: kwani huyu hana ulimi? Utoto ukiondoka, lawama inarudi kwa wapenzi wenyewe, na filamu hiyo, bila ya kukusudia, inaturudisha kwa bwana Brooke na onyo lake.

Mwaka 1968 Mtaliana Franco Zeffirelli alifanya kinyume chake. Aliwachukua vijana kweli kweli, Olivia Hussey wa kiasi cha miaka 16 na Leonard Whiting wa 17, akawapigia picha katika miji ya kale ya Italia kama vile Pienza na Gubbio. Ndani ya filamu hii utaona watoto wanaokimbia, wanaolia kwa makelele, wanaojibwaga sakafuni. Unawatazama na moyo wakuambia: hawa walitakiwa washikwe mkono.

Na humu ndimo mna sehemu ambayo mimi naiona kuwa ni kiini cha kisa chote. Ni kule kaburini, mwishoni. Juliet ameamka, anauliza yuko wapi mume wake. Mtawa Laurence yuko pale. Mara vinasikika vishindo vya walinzi nje. Mtawa anamsihi msichana waondoke, msichana hataki, na mtawa anashikwa na hofu, anasema na kurudia kusema kwamba hathubutu kukaa zaidi, kisha anakimbia. Anamwacha mtoto peke yake, na maiti ya mumewe, na jambia.

Mtazame vizuri mzee huyu, msomaji. Ndiye aliyewaoza. Ndiye aliyetunga hila ya dawa. Nia yake ilikuwa njema, kwani alitaraji kwamba ndoa ile ingezipatanisha koo mbili. Lakini kila alilolitenda alilitenda gizani na kwa mikono ya watoto, ilhali yeye alikuwa mtu wa dini, mwenye heshima mji mzima, ambaye angaliweza kupiga hodi nyumbani kwa Capulet mchana kweupe akasema: mzee, tafadhali keti, nina neno. Asingaliuawa. Labda angalitukanwa. Akaona bora siri kuliko matusi, na siri ile akambebesha msichana. Ilipofika saa ya kusimama naye, miguu ikamponyoka.

Sasa nenda kwenye filamu ya mwaka 1996 ya Baz Luhrmann wa Australia, ambayo ndiyo vijana wengi wanaijua kwa sababu ya Leonardo DiCaprio na Claire Danes. Maneno ni yale yale ya Shakespeare, lakini mji ni wa kisasa, wa kubuni, na picha zilipigwa Mexico. Panga zimekuwa bastola, na mpiga mbiu amekuwa msomaji wa habari katika televisheni. Mengi yamenipendeza humo. Lakini kaburini, mtawa hayuko! Juliet anaamka wakati ule ule Romeo anapoipeleka sumu kinywani, wanatazamana, basi. Ni uchungu mwingi, na watu hulia. Lakini wanalia nini? Wanalia bahati mbaya ya dakika moja. Mzee aliyekimbia amefutwa, na pamoja naye imefutwa aibu yetu sisi wazee.

Vivyo hivyo ile barua. Katika mchezo, mjumbe aliyeibeba alizuiliwa nyumbani kwa watu kwa kushukiwa kwamba ana tauni. Katika filamu ya 1968, mjumbe amepanda punda, na mtumishi wa Romeo anampita njiani juu ya farasi, akiwahi kufikisha habari ya uongo ya kifo. Katika ile ya 1996, ni tarishi aliyebisha hodi na Romeo hakuwepo. Watu wanaotoka sinema wanasema, laiti barua ingalifika. Mimi nasema, damu haiwezi kuwa shingoni mwa punda. Kwa nini uhai wa watoto wawili ulitegemea barua? Kwa sababu hapakuwa na mtu mzima hata mmoja aliyekubali kusema jambo kwa mdomo wake.

Tufike kwa baba. Watu wengi humkumbuka Capulet kwa ukali tu, na katika filamu ya 1996 anampiga binti yake, lakini katika mchezo hakuanza hivyo. Paris alipokuja kuposa mara ya kwanza, mzee alimwambia kwamba binti bado ni mdogo, asubiri miaka miwili, tena kwamba idhini ya baba ni sehemu tu, na ridhaa ya msichana nayo yatakiwa. Baba gani angaliweza kusema neno bora kuliko hilo? Kisha Tybalt akauawa, nyumba ikaingia msiba, na mzee kwa kudhani kwamba atamtuliza binti yake, akaahidi harusi kwa Paris bila ya kumwuliza. Msichana alipokataa, yule yule aliyezungumza habari ya ridhaa alitishia kumburura hadi kanisani, na kama hataki, akafe barabarani.

Na ndani ya tokeo hilo hilo moja, milango mitatu inafungwa usoni mwa Juliet. Baba anatoka akifoka. Mama anamwambia kwamba amekwishamaliza naye. Anabaki yaya, aliyemnyonyesha na kumlea, ambaye kwetu ningalimfananisha na somo, mwanamke ambaye msichana humwambia lile asiloweza kumwambia mamake. Yaya anajua kila kitu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipeleka salamu. Naye anampa shauri gani? Amsahau mumewe aliye hai, aolewe na wa pili, kwani wa pili ni bora. Kumtia mwanamke katika ndoa juu ya ndoa, na kulisema hilo kwa sauti ya huruma! Ukali wa baba ni moto unaoonekana. Shauri la yaya ni kisima kilichofunikwa kwa majani.

Hapa inanipasa niseme la dini, kwa sababu kisa chenyewe kimeligusa. Kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi, ndoa isiyo na walii haisihi, na lile la mtawa chumbani mwake tusingaliita ndoa. Hilo kila mtu mtaani analijua, na hulisema upesi. Lakini upande wa pili hatuusemi upesi vile. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mwanamwali aombwe ruhusa, na kwamba kunyamaza kwake ni kukubali. Na Khansaa binti Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, babake alipomwoza naye hataki, alikwenda kushitaki kwa Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Sisi tumelishika lile la kunyamaza tukalifanya rahisi mno.

Nakwambia hili kwa sababu limenipata mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilikaa shahidi katika ndoa ya msichana wa jamaa zangu. Wanawake walitoka ndani wakasema kwamba bi harusi hasemi kitu, analia. Mmoja wao, bibi mtu mzima, alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, kilio hiki si cha harusi." Nami nikacheka, nikajibu kwamba maharusi wote hulia, tena watu wamekwisha kaa na halua imekwisha tolewa. Msichana alikaa kwa mumewe miezi minne akarudi kwao, na tangu siku hiyo, kila tukikutana katika khitima au arusi, hunisalimu kwa adabu zote na hanitazami. Yeye hakunywa sumu, alhamdulillahi. Lakini ninapomwona mtawa Laurence akikimbia kaburini, najua anavyohisi.

Filamu ya Zeffirelli niliyoisifu nayo ina doa lake, wala si haki nilifiche. Ndani yake mna sehemu ambamo wale vijana wawili wameonyeshwa bila ya nguo, nao walikuwa hawajatimiza miaka 18. Mwishoni mwa mwaka 2022, wakiwa wamepita miaka 70, Hussey na Whiting walikwenda mahakamani Marekani dhidi ya kampuni iliyoitoa filamu hiyo, wakasema kwamba walidanganywa. Mwaka 2023 mahakama iliitupa kesi yao, na Bi Hussey akafariki Desemba 2024. Sheria ina njia zake. Mimi nilikuwa nikifikiri jambo jingine: filamu inayotuliza kwa sababu wakubwa waliwatumia watoto kwa mambo yao, nayo ilitengenezwa na wakubwa waliowataka watoto wafanye lile ambalo mzazi yeyote kati yetu angalisimama mlangoni kulizuia.

Ziko filamu ambazo zimekibadili kisa chenyewe. West Side Story, mchezo wa nyimbo wa mwaka 1957 uliofanywa filamu mwaka 1961 na tena mwaka 2021, unakipeleka kisa New York, baina ya magenge ya vijana weupe na vijana waliotoka Puerto Rico. Wazazi humo ni kama hawako. Tony anauawa kwa risasi, lakini msichana, Maria, hafi. Anaichukua bastola, anawaelekezea wote, wa huku na wa huku, anawaambia kwamba wote wamemwua, kisha anaitupa. Na vijana wa pande mbili wanasaidiana kulibeba jeneza lisilo jeneza, yaani mwili ule mabegani mwao. Mwisho huu naupenda kuliko yote. Waliobakia wanahukumiwa na mtu aliye hai, anayewatazama machoni. Maiti ya Juliet haimwambii mtu kitu. Maria kesho yake bado yupo mtaani, na watapishana naye.

Wahindi nao wamekirudia kisa hiki mara nyingi, kwa jina na bila ya jina. Katika Bobby ya mwaka 1973 wapenzi wanajitupa majini, na baba zao wanajitosa kuwaokoa, kwa hiyo watazamaji hurudi nyumbani wakiimba. Katika Ek Duuje Ke Liye ya 1981 hapana uadui wa damu, ni majirani wa lugha mbali mbali tu, na wazee wanaweka sharti ambalo ukilisikia utaliona la busara: vijana watengane mwaka mzima bila ya kuonana, wakipendana bado, waoane. Mwisho wake ni mauti. Na Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988, iliyompa jina Aamir Khan, ina koo mbili zenye kisasi. Msichana anapigwa risasi na mtu aliyekodiwa, na kijana anajiua kando yake jua likizama. Huyu wa mwisho ndiye anayenitia wasiwasi, pamoja na kaburi la Luhrmann lenye mamia ya mishumaa. Kifo kimepambwa kama ukumbi wa arusi. Kujiua ni haramu, hilo hatulijadili. Lakini hata Shakespeare, ambaye hakuwa mwalimu wetu wa dini, alimwacha Juliet aogope. Kabla ya kunywa dawa ile, msichana anasimama peke yake na kufikiri: je, nikiamka mapema ndani ya kaburi, katikati ya mifupa ya mababu, na Tybalt anaoza kando yangu? Ni maneno marefu ya kutisha. Zeffirelli aliyakata, akamwachia dua fupi na funda moja. Hofu ile ilikuwa akili ya mtoto inayomwambia asifanye. Wakiikata, wanampa binti yako kifo kisicho na harufu.

Na Paris je? Katika mchezo alikuja kaburini na maua, akimlilia aliyemdhani mchumba wake, akakutana na Romeo, akauawa. Zeffirelli amemwacha nje, na Luhrmann vile vile. Wanataka tumpende Romeo bila ya kuona mkono wake. Lakini mkono ule ulikuwa umekwisha kuua mara mbili kabla haujashika sumu. Paris hakumkosea mtu yeyote, aliposa kwa mlango wa mbele, na amefutwa kwa sababu kilio chake kingalikiharibu kilio chetu.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na mitano, ndiye aliyenitazamisha ile ya 1996. Tulipomaliza nilianza kumweleza haya ya mtawa, na baba, na yaya, nikamgawia kila mmoja sehemu yake ya damu kama mtu anayegawa mirathi. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Babu, lau Juliet angalikuja kwako wewe usiku ule, ungalimwambia nini?"

Nilimjibu, "Ningalimwuliza kwanza, kijana mwenyewe ni wa nani?"

Akanitazama kidogo. "Na babake si ndilo angalimwuliza?" Akaichukua simu yake, akaenda kumsaidia mamake jikoni.